Haraka Haraka au Ngoja Ngoja? Mbinu za Usimamizi wa Miradi katika Maandalizi ya Tamthilia



Wahenga wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zinaonekana kugombana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi wanafunzi wa falsafa tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kauli mbili zinazopingana haziwezi zote kuwa kweli kwa wakati mmoja na kwa maana ile ile. Basi, ama wahenga walikosea, ama kila methali ina mambo yake ya kuyahukumu, na kazi yetu ni kujua lipi ni la methali ipi.

Katika somo hili nataka kuonesha kwamba watu wa usimamizi wa miradi wamebuni njia rahisi ya kujua hilo, na kwamba njia hiyo inatufaa hata sisi tunaoandaa michezo ya kuigiza parokiani na seminarini. Siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu aliyefundishwa somo hili na kosa lake mwenyewe.

1. Kosa lenyewe

Likizo yangu ya kwanza ya falsafa ilinikuta parokiani nyumbani. Sherehe ya somo wa parokia ilikuwa tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, na Baba Paroko alinikabidhi vijana ili tuandae tamthilia ya Mwana Mpotevu. Tulianza tarehe 4 Julai. Tulikuwa na siku 42 kamili kabla ya onyesho. Nilijiona tajiri wa muda.

Tulifanya kazi kila siku. Vijana walipaka rangi pazia la nyuma ya jukwaa katika juma la pili, likapendeza. Kwaya ilifanya mazoezi. Mabango yalibandikwa hadi vigangoni. Mimi nilikuwa nikiandika mchezo, nikifuta na kuandika upya, kwa sababu nilitaka maneno ya baba kwa mwanawe yawe mazuri kuliko yote. Maandishi niliyafunga tarehe 28 Julai, siku ya 25. Hapo ndipo tulipochagua waigizaji waliobaki. Hapo ndipo mama wa WAWATA waliojitolea kushona walipopata vipimo. Nusu ya pazia ilibidi ipakwe tena, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha onesho la shambani kuwa la sokoni.

Usiku wa tarehe 14 Agosti tuliamua kukata maonesho mawili. Mojawapo lilikuwa la watoto. Kulikuwa na binti wa darasa la tatu ambaye nilimpa maneno yake mapema kabisa, mistari minne tu: kila jioni angempita yule baba amesimama barabarani na kumwuliza anamngoja nani. Gauni lake halikuwa limeshonwa, na onesho lake halikuwa limefanyiwa mazoezi pamoja na mengine.

Kesho yake mchezo ulipokwisha, watu walipiga makofi. Mama mmoja mzee alinifuata pembeni ya kanisa. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akasema, "Frateri, mjukuu wangu amekuwa akiyasema maneno yake hata akienda kuchota maji. Hivi ameigiza saa ngapi? Nimetoka kigangoni alfajiri, au nimechelewa?"

Hakuchelewa. Aliyechelewa ni mimi.

2. Tamthilia ni mradi wa aina gani?

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayofanywa kwa lengo maalumu, kwa rasilimali zenye kikomo. Misa ya kila siku si mradi, ila ujenzi wa kanisa ni mradi. Wataalamu husema kila mradi umebanwa na mambo matatu: muda, gharama na ukubwa wa kazi. Ukivuta moja, mengine yanasogea.

Katika ujenzi, fedha ikipungua tunaongeza muda. Ndiyo maana tunayajua makanisa ambayo kuta zake zimengoja bati miaka mingi. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu, akaishia kuchekwa.

Tamthilia haina nafuu ya mjenzi. Tarehe 15 Agosti haisogei. Gharama nayo kwa kawaida haiongezeki, maana kapu la parokia tunalijua. Kwa hiyo muda ukikosewa, kinachopunguzwa ni ukubwa wa kazi: maonesho yanakatwa. Na yakikatwa usiku wa mwisho, hayakatwi yasiyo na maana, bali yale ambayo wenyewe hawana sauti ya kuyatetea. Mwigizaji mkuu hakatwi, wala mwalimu wa kwaya. Anakatwa mtoto mwenye mistari minne. Kwa hiyo kupanga muda ni suala la haki kabla halijawa suala la ufundi.

3. Kuigawa kazi

Hatua ya kwanza ni kuigawa kazi kubwa katika kazi ndogo ambazo kila moja mtu anaweza kusema imekwisha au haijaisha. "Kuandaa mavazi" haitoshi. Kupima, kununua vitambaa na kushona ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina siku yake ya kuisha.

Kisha kila kazi ipewe mwenyewe mmoja. Wanaomsaidia wanaweza kuwa kumi, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika ukumbi wa tamthilia watu wa kazi hii wanajua jambo hilo siku nyingi: yupo mwongozaji anayeamua mchezo uoneshwe namna gani, na yupo msimamizi wa jukwaa anayeshika kitabu chenye kila mwingilio, kila taa na kila kifaa, na onyesho likianza yeye ndiye mwenye amri nyuma ya pazia. Mimi nilijifanya mwandishi, mwongozaji na msimamizi wa jukwaa kwa pamoja. Kazi moja ilizimeza nyingine mbili.

Tamthilia yetu, kama ningeigawa, ingekuwa hivi (siku ni za kalenda, si za mazoezi tu):

(1) Kukamilisha maandishi: siku 7.
(2) Kuchagua waigizaji: siku 3. Inangoja kazi ya 1.
(3) Mazoezi ya maneno na miondoko: siku 18. Inangoja kazi ya 2.
(4) Kupima waigizaji na kununua vitambaa: siku 3. Inangoja kazi ya 2.
(5) Kushona maleba, yaani mavazi ya waigizaji: siku 12. Inangoja kazi ya 4.
(6) Mandhari na vifaa vya jukwaani: siku 10. Inangoja kazi ya 1.
(7) Nyimbo za kwaya: siku 14. Inangoja kazi ya 1.
(8) Mazoezi ya waigizaji pamoja na kwaya: siku 4. Inangoja kazi ya 3 na ya 7.
(9) Mazoezi ya mwisho yenye kila kitu: siku 2. Inangoja kazi ya 5, ya 6 na ya 8.

Maneno muhimu katika orodha hii si siku. Ni neno "inangoja".

4. Mnyororo usiongoja

Mhandisi Mmarekani Henry Gantt (1861–1919) anakumbukwa kwa chati inayochora kila kazi kama mstari juu ya kalenda, ili kwa mtupo mmoja wa jicho uone kipi kinaanza lini na kinaisha lini. Ni chati nzuri kuibandika ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand waliongeza swali jingine: kati ya kazi zote hizi, zipi zikichelewa siku moja zinauchelewesha mradi mzima siku moja?

Jibu hupatikana kwa kujumlisha kila mnyororo wa kazi zinazongojana. Tujaribu.

Mnyororo wa mazoezi: kazi ya 1, 2, 3, 8, 9. Yaani 7 + 3 + 18 + 4 + 2 = siku 34.
Mnyororo wa maleba: kazi ya 1, 2, 4, 5, 9. Yaani 7 + 3 + 3 + 12 + 2 = siku 27.
Mnyororo wa kwaya: kazi ya 1, 7, 8, 9. Yaani 7 + 14 + 4 + 2 = siku 27.
Mnyororo wa mandhari: kazi ya 1, 6, 9. Yaani 7 + 10 + 2 = siku 19.

Mnyororo mrefu kuliko yote, wa siku 34, ndio unaoamua mradi utaisha lini. Nitauita mnyororo usiongoja. Kazi zake hazina nafasi hata ya siku moja bila kusogeza mwisho. Kazi nyingine zina nafasi ya kuchelewa: kushona maleba kuna nafasi ya siku 7, kwaya siku 7, mandhari siku 15.

Sasa tazama tulichofanya. Mandhari, kazi yenye nafasi ya siku 15 za kungoja, tuliikimbilia katika juma la pili, nayo ikaturudisha kupaka upya. Haraka haraka haikuwa na baraka. Maandishi, ambayo yamo katika minyororo yote minne, niliyaacha hadi siku ya 25. Ngoja ngoja ikaumiza matumbo. Kuanzia siku ya 25 kazi zilizobaki katika mnyororo mrefu zilihitaji siku 27, nasi tulikuwa na 17. Maleba nayo, kwa mwendo wa kawaida wa kushona, yangekamilika siku ya 43, yaani jioni ya siku ile ile ya onyesho. Mama zetu walikesha wakishona ili kuziba pengo langu.

Hivyo wahenga hawakugombana. Kazi iliyo nje ya mnyororo mrefu, hiyo ihukumiwe kwa methali ya haraka haraka. Kazi iliyo ndani yake, ihukumiwe kwa methali ya ngoja ngoja. Tulikuwa na bidii ya kutosha. Tulichokosa ni kujua bidii hiyo iwekwe wapi.

5. Kukadiria bila kujidanganya

Utauliza, siku 12 za kushona zimetoka wapi? Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, likiandaa makombora ya Polaris, lilianza kutumia njia iitwayo PERT. Chombo kilichozaliwa katika mambo ya silaha kinaweza kutumika kwa jambo la amani, nasi tukitumie. Njia hiyo haiombi makadirio mamoja bali matatu: mambo yakienda vizuri kabisa, yakienda kama kawaida, na yakienda vibaya. Unazidisha ya kawaida kwa 4, unajumlisha na mengine mawili, unagawa kwa 6.

Nilipomwuliza baadaye fundi aliyewaongoza akina mama, alisema: umeme ukiwepo na kusiwe na msiba, siku 8. Kwa kawaida, siku 11. Msiba ukitokea, siku 20. Hesabu yake ni 8 + 44 + 20 = 72. Gawa kwa 6, unapata 12.

Faida ya njia hii si hesabu pekee. Faida yake ni kwamba inakulazimisha kumwuliza anayeshona, badala ya kumkadiria ukiwa umekaa na kalamu yako. Tena inakulazimisha kuutaja msiba kabla haujatokea. Katika vijiji vyetu msiba, mvua, malaria na kukatika kwa umeme si ajali za kushangaza, ni sehemu ya kalenda. Mpango usiovitaja ni ndoto.

6. Nywele za Oberammergau

Kuna kijiji Bavaria, Ujerumani, kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana. Waliigiza mara ya kwanza mwaka 1634, na kwa kawaida wanaigiza kila baada ya miaka 10. Onyesho la 2020 liliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya UVIKO-19. Washiriki ni watu wa kijiji wenyewe: waliozaliwa hapo au walioishi hapo miaka 20.

Kwa somo letu jambo moja linatosha. Waigizaji wao hawavai nywele za bandia. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia onyesho, tangazo hutolewa: kuanzia leo wanaume waache kunyoa nywele na ndevu, na wanawake waache kukata nywele. Mwaka mzima na zaidi kabla ya onyesho, kinyozi anakosa kazi.

Nywele hazikubali fedha wala mkesha. Huwezi kuwaita watu kumi wazioteshe kwa siku moja. Kila tamthilia ina nywele zake, yaani kazi inayohitaji muda wake na haiharakishwi na lolote. Kwetu ilikuwa ni maneno kuingia katika kichwa na mwili wa mtoto. Msimamizi mwenye akili huanza kwa kuuliza, "Nywele za mchezo huu ni zipi?" Kisha hizo huanza kwanza.

7. Busara kwa Mtakatifu Thoma

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lipi lililo jema kati ya yaliyopatikana, na kuamuru litendwe. Tendo la tatu ndilo kuu, kwa sababu busara ni fadhila ya kutenda, si ya kujua tu.

Kuigawa kazi na kuwauliza mafundi ni kutafuta shauri. Kuutambua mnyororo usiongoja ni kuhukumu. Lakini watu wetu husema mipango si matumizi, na hapo wanakutana na Mtakatifu Thoma: chati iliyobandikwa ukutani bila mtu wa kusema "leo maandishi yanafungwa, hata kama hayajanipendeza" ni busara iliyokatwa kichwa. Mimi sikukosa akili ya kujua kwamba maandishi yanachelewa. Nilikosa amri juu ya nafsi yangu. Nikiitazama vizuri, ilikuwa ni kupenda sifa: nilitaka maneno mazuri yajulikane kuwa ni yangu. Mtakatifu Thoma anahesabu pia uzembe kuwa dhambi inayopingana na uangalifu unaohitajiwa na busara, na uzembe unaweza kukaa ndani ya mtu asiyelala usiku kwa kazi.

Amri hiyo inahusu pia kukata. Kama lazima kitu kikatwe, kikatwe mwanzoni, kwa kufikiri. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wanazi, Mieczysław Kotlarczyk alianzisha mjini Kraków kikundi cha tamthilia cha siri, na kijana Karol Wojtyła, baadaye Papa Yohane Paulo II, akawa mwigizaji wake. Waliigiza majumbani mwa watu, kwa vifaa vichache mno. Walichokiweka katikati ni neno lenyewe. Walijua tangu siku ya kwanza kipi kikitoka mchezo unabaki mchezo, na kipi kikitoka hakuna mchezo. Sisi tulibaki na pazia zuri, tukamtoa mtoto.

8. Je, hesabu hizi haziui roho?

Baadhi ya mafrateri wenzangu wamenipinga: tamthilia ya kanisani ni sala, na sala haiwekwi katika chati. Ninakubali nusu ya kwanza. Lakini liturujia yenyewe, sala kuu ya Kanisa, ina kalenda. Kwaresima haianzi siku tunayojisikia, na Pasaka ikikaribia tunajua ni Dominika ngapi zimebaki. Mpango mzuri haumfungi mwigizaji. Unamwachia juma la mwisho la kuuishi mchezo, badala ya kulitumia kutafuta sindano na uzi. Kinachoua roho ni mkesha wa tarehe 14.

Hitimisho

Mwaka uliofuata Baba Paroko alinipa kazi ile ile. Maandishi niliyafunga siku ya 7, yakiwa na kasoro ambazo bado nazikumbuka. Tulikuwa na akiba ya siku 8, na siku 5 kati ya hizo zililiwa na malaria ya mwigizaji mkuu. Maleba yalikuwa tayari kabla ya sherehe. Onesho la watoto lilikuwepo, na msichana mwingine aliyasema yale maneno manne.

Yule binti hakuwepo. Alikuwa amehamia mjini kwa mama yake. Nilimtafuta bibi yake baada ya Misa, nikamwambia kwamba mwaka ule hakuchelewa, mimi ndiye niliyekosea. Akacheka, akanishika mkono, akasema yamekwisha. Najua amenisamehe. Najua pia kwamba majuma yale aliyoyatumia mjukuu wake akisema maneno yake njiani kisimani hayarudi.

Mtu anayejitolea anatupa muda wake, na muda ni kipande cha maisha yake. Anayeusimamia asimamie kama anayeshika vyombo vya altare.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi au jumuiya

1. Katika tukio tunaloliandaa sasa, ni kazi zipi zinazongojana, na mnyororo mrefu kuliko yote una siku ngapi?
2. "Nywele" za tukio letu ni zipi?
3. Muda ukitubana, ni nani atakayekatwa kwanza, na je, yeye mwenyewe ameulizwa?